Mtoto wa Mwalimu Hasemi

Katika kijiji chetu, upande wa Ntoto, hakuna daktari wa meno, hakuna fundi wa saa, na ukitaka mtu wa kutengeneza redio lazima umngoje siku ya soko. Lakini wataalamu wa ndimi za watoto tunao tele. Sikujua tumejaliwa hivyo mpaka binti yangu alipokaribia miaka minne bila kutamka neno hata moja.

Mimi ni mwalimu. Nafundisha darasa la kwanza primeri, yaani kazi yangu ni kuwafungua watoto wa watu midomo waimbe a, e, i, o, u mpaka wanaoishi jirani na shule wakose usingizi wa mchana. Kwa hiyo utaelewa furaha ya kijiji. Mtoto wa mkulima akichelewa kusema, watu wanamhurumia mama yake. Mtoto wa mwalimu akichelewa kusema, watu wanapata cha kuzungumza kisimani. Sokoni mama mmoja aliniuliza kwa upole mkubwa, "Mwalimu, ile yote unafundisha wa kwetu, wa kwako umemubakishia nini?" Nikacheka naye. Nilicheka sana mwaka ule. Nilikuwa na kicheko cha kutokea nacho nje, kama vile watu walivyo na viatu vya kuendea kanisani.

Na kusema kweli, binti yangu hakuwa kimya. Alikuwa na sauti moja, "mmh", na aliitumia kwa mahitaji yote ya dunia. Akitaka maji alinivuta kitenge mpaka kwenye bidoni, dumu letu la plastiki. Akitaka ndizi iliyoning'inia juu, alikokota kiti, akapanda, akaichuma, akaniletea nimenye. Alijua kuku yupi ni wetu na yupi ni wa jirani, na wa jirani aliwafukuza bila huruma. Alicheka mpaka akakaa chini. Alikosa maneno tu, na watu wazima hawahesabu kitu kingine.

Mtaalamu wa kwanza kujitokeza alikuwa jirani yetu wa nyuma ya nyumba, mama wa makamo mwenye mikono myepesi kwa kila kitu. "Shida iko chini ya ulimi," aliniambia. "Kuko kauzi kanamufunga. Lete wembe mupya, saa hii njo tunamaliza." Neno "mupya" alilisema kwa fahari, kama mtu anayefuata kanuni zote za usafi. Nilimshukuru, nikamwambia wembe umeisha dukani. Kila alipouliza tena, wembe ulikuwa umeisha dukani. Nadhani mpaka leo anaamini duka letu halina maana.

Wa pili alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Huyu alikuwa na njia ya kisasa. Alimshika mtoto mabega, akasogeza uso mpaka pua zao zikakaribiana, kisha akapaza sauti, eti mtoto amwite baba yake: "Sema papa! Sema! Paaa-paaa!" Mtoto alimtazama meno. Shemeji alipoona hajibiwi aliongeza sauti, kwa imani kwamba neno linaingia kichwani kama msumari, shida ni nguvu ya nyundo tu. Alikuja karibu kila jioni. Hakuchoka. Ningependa achoke.

Mama mkwe wangu yeye alikuwa amegundua chanzo, na chanzo nilikuwa mimi. Nilizaliwa Masisi, kwenye vilima vya juu ya Kirolirwe, ambako wazazi wangu wanalima viazi na maharage kando ya malisho ya ng'ombe wa watu wengine. Kwetu tunasema Kihunde. Nimeolewa huku msituni Walikale, kwa Wanyanga, wenye lugha yao. Na mume wangu tunaongea Kiswahili, na shuleni napambana na Kifaransa.

"Umemuchanganyia mutoto kichwa," mama mkwe alisema huku akimenya mihogo. "Kihunde huku, Kifaransa kule. Ulimi yake haijue ipite njia gani."

Watoto wake mwenyewe wote wanasema lugha tatu au nne, na hajawahi kumpokea mgeni bila kujisifia jambo hilo. Lakini ndivyo tulivyo. Mtoto akisema, lugha nyingi ni akili. Akinyamaza, ni ugonjwa, na ugonjwa huo umetoka Masisi.

Mchungaji alikubaliana naye kwamba kuna ugonjwa, ila hakukubali kwamba umetoka Masisi. Ulikuwa pepo bubu. Aliamuru mfungo, na kwa kuwa mtoto ni mdogo, nilifunga mimi. Nilifundisha herufi tumbo likinguruma mbele ya darasa zima, na sijui kama pepo alisikia, lakini watoto walisikia. Kisha wazee wa ukoo wa mume wangu, ambao siku ya Jumapili hukaa benchi la mbele kanisani, wakaomba nao wapewe nafasi kwa njia yao ya zamani. Walimtemea mtoto mate ya baraka kifuani na kumwombea kwa mababu. Alisikiliza kwa adabu, kisha akajifuta kwa upindo wa gauni langu.

Mume wangu alikuwa mbali. Anapika kwenye kambi ya wafanyakazi huko Bisie, kwenye mgodi, na anakuja nyumbani pale anapopata ruhusa. Alipopiga simu alisema kila mara, "Mupatie simu." Nilimwekea mtoto simu sikioni. Baba aliongea, akamweleza chakula alichopika, mvua iliyonyesha, nyani waliopita nyuma ya jiko. Mtoto alisikiliza bila kutikisika, akipumua kwenye simu. Nilipoichukua tena, baba alisema, "Nimemusikia."

Ndipo tangazo likaja. Muuguzi wa kituo cha afya alisimama kanisani baada ya ibada akasema mradi fulani unatuletea mtaalamu kutoka Goma, mama mmoja anayefanya kazi ya ortofoni. Akalirudia neno hilo mara kadhaa kwa kulipenda. Sisi wengine tulisikia tulichoweza kusikia. Siku ilipofika, nje ya kituo kulikuwa na akina mama na watoto wao wasiosema, wenye kigugumizi, wenye midomo iliyopasuka, na pembeni yao foleni nyingine, ndefu kuliko yetu, ya vijana walioleta simu zilizokufa. Mmoja alikuwa ameleta na chaja.

Mtaalamu alishuka kwenye pikipiki akiwa na tope mpaka kiunoni. Alitazama foleni mbili, akauliza, "Na hawa?"

"Hawa ni wa telefoni," akasema muuguzi kwa sauti ndogo.

Yule mama alicheka mpaka akajishika kwenye pikipiki, kisha akawaeleza vijana, bila dharau, kwamba yeye anashughulikia kusema kwa watu, si kwa simu. Waliondoka wakinung'unika. Mmoja alisema wazi kwamba miradi haijawahi kuleta kitu cha maana.

Zamu yetu ilipofika, nilikuwa nimejiandaa. Nilimvalisha mtoto gauni la Krismasi. Nilitegemea dawa, au mashine, au angalau koti jeupe. Yule mama alivua viatu akakaa chini kwenye mkeka. Alinieleza kwamba alisomea kazi ya viungo, kunyoosha miguu na migongo, kisha akajifunza hii ya kusema kwa sababu watoto walikuwa wengi na hakukuwa na mtu. Alichukua kopo lenye maharage, akalificha, akalitikisa polepole nyuma ya mgongo wa binti yangu. Binti akageuka. Akalitikisa upande wa pili, kwa sauti ndogo zaidi. Akageuka tena, akakasirika, akataka kopo.

"Mutoto iko anasikia muzuri," alisema. Akamchekesha, akamtazama mdomoni alipofungua. "Na ulimi haina shida. Mwenye wembe apumuzike."

Sikuwa nimemtajia wembe. Nadhani kila kijiji kina jirani yangu.

Kisha akaanza kazi, na kazi yenyewe ilinikasirisha. Aliviringisha parachichi bichi kuelekea kwa mtoto. Mtoto akalirudisha. Akaliviringisha tena, akasema, "Inakuja!" Basi. Hakumwambia aseme kitu. Walikaa hapo wakitumiana parachichi kama watu waliokosa shamba la kulima, na mimi, kwa kuona aibu ya ukimya ule, nikasaidia.

"Sema parachichi! Hii ni nini? Hii ni rangi gani? Sema asante kwa Madame! Unaona? Inaenda wapi? Sema!"

Yule mama alilishika parachichi. "Mama Mwalimu," aliniambia, "haya maulizo yote, amejibu gani?"

"Hakujibu. Njo maana nimemuleta."

"Na ulimuachia wakati gani ya kujibu?"

Nilianza kuyahesabu maswali yangu kwa vidole, mkono mmoja haukutosha. Aliniambia kwa upole kwamba nikiwa na mtoto nikae chini kama yeye, nitazame anachotazama, niseme neno moja au mawili ya kitu hicho, halafu nifunge mdomo na nimngoje. Nisimwambie "sema". Nisimnyime maji mpaka aseme maji. Nimwachie nafasi tu, na sauti yoyote akitoa, niipokee kama jibu. Na lugha? Lugha zote za nyumbani ziendelee, alisema, hakuna mtoto anayenyamaza kwa sababu ya Kihunde. Hiyo niliomba aiandike kwenye karatasi na kupiga muhuri, kwa ajili ya mama mkwe. Alidhani natania.

Nilirudi nyumbani nimechukia. Nimesoma miaka yote ile ili niseme, kijiji kizima kinanijua kwa kusema, na sasa mtu ametoka Goma kwa pikipiki kunifundisha kunyamaza. Lakini sikuwa na kitu kingine cha kujaribu, isipokuwa wembe.

Kunyamaza ni kazi ngumu. Siku za kwanza nilikaa na binti yangu uani mchana baada ya shule, nikasema "kuku", nikafunga mdomo, na maneno mengine yote yakanijaa kooni kama mtu aliyekula haraka. Mama mkwe alitutazama kutoka mlangoni.

"Sasa ni mama bubu na mutoto bubu," alisema. "Nyumba imepona."

Mtoto naye alinitazama kwa mashaka. Alizoea mama mwenye kelele, sasa amepata mama anayekodoa macho. Siku moja alikuja akanigusa mdomo kwa vidole, kuhakikisha kama bado upo.

Lakini tulipata mchezo wetu kwenye kinu. Nilipotwanga sombe, alipenda kukaa karibu na kutazama mchi ukipanda na kushuka. Nilianza kusema "twa!" kila mchi uliposhuka. Twa. Twa. Kisha nilisimamisha mchi juu, nikamtazama, nikangoja. Alingoja na yeye. Majani ya mihogo yalingoja. Nikashusha, "twa!", akacheka mpaka akashika tumbo. Tukafanya hivyo siku nyingi, sombe yetu ikawa laini kuliko sombe yoyote ya Walikale, mpaka mchana mmoja nilipousimamisha mchi juu, mkono ukaanza kuniuma, na kutoka chini, wazi kabisa, nikasikia:

"Twa."

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kukimbia barabarani nimwite kila mtu aliyewahi kunipa ushauri, mmoja mmoja. Yule mama alikuwa ameniambia: akisema, usifanye sherehe ya kumtisha, mjibu tu. Kwa hiyo nilishusha mchi nikasema "twa", na machozi yakaingia kwenye sombe ambayo mama mkwe baadaye alisema ina chumvi ya kutosha.

Baada ya hapo sauti zilikuja kidogokidogo, kama wageni wasio na uhakika na nyumba. "Ku" ilikuwa kuku. "Mai" ilikuwa maji. Mtaalamu alirudi kila baada ya muda, pikipiki na tope lake, akaniongezea jambo moja na kuniondolea mengine mawili. Na neno la kwanza kamili, lenye mwanzo na mwisho, alilipata shemeji yangu. Alikuja jioni kama kawaida, akamshika mabega, akasogeza pua. "Sema papa! Sema!"

"Acha," akasema binti yangu.

Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba mvua inakuja. Shemeji aliachia mabega kama ameshika chungu cha moto. Mama mkwe aliacha kumenya. Nilitegemea vigelegele. Mtoto amesema! Lakini shemeji alinigeukia na uso wa mtu aliyeonewa.

"Huyu mutoto haina heshima," alisema. "Njo vile munamufundisha?"

Walingoja mtoto aseme kwa miaka, na neno moja liliwatosha kumtaka anyamaze.

Kisha mradi ukaisha. Hawakusema umeisha, walisema "awamu" imefungwa, na awamu ni kitu ambacho hufungwa mbali, na watu ambao hawajawahi kuvuka mto wetu. Siku ya mwisho mtaalamu alitukusanya akina mama wote chini ya paa la kituo, akatukalisha kwenye mikeka na watoto wetu, akapita kutazama tunavyocheza nao. Alipofika kwangu alisema, "Ataongea. Lakini haitakuwa mbio, na maneno zingine zitabakia ngumu kwake. Usimupime na watoto wa wengine." Nilimwambia nina darasa zima la watoto wa wengine. "Njo shida yako," akajibu, na wote wawili tukacheka, na kwangu hicho hakikuwa kicheko cha kutokea nje.

Habari kwamba mtoto wa mwalimu anasema zilimfikia mchungaji. Akaja nyumbani kunijulisha kwamba Jumapili tutatoa ushuhuda wa ule mfungo. Nilijaribu kumweleza habari za mchi na sombe. Alisema Bwana hutumia vyombo vyote. Sikuweza kubishana na hilo, hata kinu ni chombo.

Ilikuwa Jumapili ya mavuno. Kanisa limejaa, na kando ya mlango wamepanga matoleo: mihogo, mbaazi, mikungu ya ndizi. Mchungaji alimsimamisha binti yangu juu ya benchi mbele ya watu wote, akamwekea kipaza sauti mdomoni. "Mutoto huyu alikuwa bubu!" alisema. "Leo anasema! Mutoto, sema Amina!"

Binti yangu alimtazama. Akatazama watu. Niliuma ulimi wangu, ule usio na shida.

"Sema Amina! Usiogope! A-mi-na!"

Kwenye benchi la mbele, wazee wa ukoo walianza kutazama viatu vyao. Nyuma mtu alikohoa kikohozi chenye maana. Nilianza kumpangia mchungaji maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Kisha nikaona macho ya binti yangu yametoka usoni pa mchungaji yakaelekea mlangoni, uso ukang'aa, na kipaza sauti kikabeba sauti yake mpaka barabarani:

"Mbuzi!"

Kanisa lote liligeuka. Mbuzi alikuwa amesimama katikati ya matoleo ya Bwana, amefika kwenye mkungu wa tatu, anatafuna kwa amani. Wakati kwaya ikimfukuza, watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje kupumua. Mama mkwe wangu alisimama, akatazama kulia na kushoto, akatangaza kwa sauti kubwa, "Ni mujukuu wangu njo amemuona!" Mchungaji alijikusanya, akasema Amina yeye mwenyewe, na ushuhuda ukaishia hapo. Wenye ndizi walinishukuru wiki nzima.

Sasa anasoma. Yuko la kwanza primeri, si kwangu, kwa mwenzangu wa darasa la pembeni, maana wote tulikubaliana kwamba amenisikia vya kutosha. Maneno yake hayajanyooka. Sauti ya "r" haipo kabisa, na akiwa na haraka maneno yanagongana mlangoni, anarudi nyuma, anaanza upya. Wageni huniuliza mimi amesema nini. Nawaambia wamuulize yeye.

Majuzi nilitumiwa mtu: direkta, mkuu wetu wa shule, ananiita ofisini. Nilimkuta binti yangu amesimama mbele ya meza, gauni limechanika begani, na msichana mwingine mkubwa kidogo akilia pembeni. Binti yangu amempiga.

"Kwa nini ulimupiga?" direkta aliuliza.

"Ye-ye... yeye anasema... anaongea kama..."

"Alikutukana?" direkta akamsaidia.

"Apana. Anasema kama mi... kama mimi na..."

"Alikuiga. Anaiga vile unaongea. Ni vile?" Direkta ni mtu mwema na ana kazi nyingi. Nilimtazama tu. Nina macho fulani ambayo darasa langu linayajua, na hata yeye aliwahi kuyaona kwenye mikutano ya walimu. Akaegemea kiti.

Binti yangu alivuta pumzi. "Anaongea kama mimi, na wote banacheka. Mi nikasema acha. Akaendelea. Nikasema acha tena. Akaendelea. Njo nikamupiga." Akafikiri kidogo. "Moja tu."

Ilichukua muda mrefu. Nje kengele iligongwa na watoto wakapita mbio dirishani, na yeye bado alikuwa akitafuta "akaendelea", akaipata, akaiweka mahali pake. Yule msichana aliacha kulia ili asikilize.

Direkta alitoa adhabu kwa wote wawili: wateke maji kisimani wamwagilie maua ya shule mpaka Ijumaa, pamoja. Akaniuliza kama mzazi ana la kusema. Nilikuwa nalo, tena refu, lenye utangulizi. Nilisema adhabu ni ya haki, nikatoka haraka kabla hajaona uso wangu, kwa sababu haukuwa uso wa mama ambaye mtoto wake ameadhibiwa.

Kutoka darasani kwangu niliwaona wakishuka kisimani na ndoo zao. Binti yangu alikuwa mbele, akieleza jambo kwa mkono mmoja, na yule mkubwa alikuwa akimfuata, akisema kila baada ya hatua chache, "Ee? Unasema nini?" Na yeye anasimama, anaweka ndoo chini, anarudia.